Mtu wa Kaunta



Leo nataka tuwazungumzie watu ambao ni nadra kuwasikia wakitajwa redioni: wahudumu wa maktaba za umma, na namna wanavyofundishwa kazi yao. Najua wengine mmeshapeleka mkono kwenye kitufe mtafute muziki. Subirini kidogo, naanza na kisa cha upelelezi.

Mwaka 1983, katika jimbo la Maryland huko Marekani, wasimamizi wa maktaba za umma waliandaa maswali 40 ya kawaida, ya aina ambayo mtu yeyote anaweza kuingia nayo maktaba. Wakawapa watu wasiojulikana wakayaulize katika maktaba 60 za jimbo lile. Wahudumu hawakuambiwa kitu. Wao walimwona msomaji kama wasomaji wengine. Majibu yakaandikwa, yakakusanywa, yakapimwa. Yaliyokuwa sahihi na kamili yalikuwa asilimia 55 tu. Katika nchi yenye vitabu vya kumwaga, mtu aliyeingia maktaba na swali alikuwa na bahati inayokaribiana na ya kurusha shilingi juu. Watafiti wengine wawili, Peter Hernon na Charles McClure, waliikuta asilimia hiyohiyo walipopima kwingine, na mwaka 1986 wakaiandikia makala. Tangu hapo watu wa fani wanaiita kanuni ya asilimia 55.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Kila mtu alitarajia kusikia yale tunayoyasikia hata huku kwetu: vitabu havitoshi, watumishi wachache, foleni ndefu. Takwimu zikakataa. Wingi wa vitabu haukueleza tofauti kubwa, na foleni nayo haikueleza. Kilichowatenganisha waliojibu vizuri na waliokosea kilikuwa kitu kidogo mno: walivyozungumza na aliyekuja kuuliza. Kabla ya kukimbilia rafu, mhudumu mzuri aliuliza. Akasikiliza. Akalirudia swali kwa maneno yake kuhakikisha kwamba wameelewana. Na baada ya kutoa jibu aliuliza tena: je, hili linakidhi kabisa ulichokuwa unatafuta? Swali hilo la mwisho, ambalo halihitaji kompyuta wala bajeti, ndilo lililoonekana kuwa na nguvu kuliko mengine yote.

Wasimamizi wa Maryland wakaandaa mafunzo ya siku tatu kwa ajili ya mambo hayo tu. Kumpokea mtu, kuuliza, kuhakikisha, kufuatilia. Maktaba za waliopitia mafunzo zilipopimwa tena zilifika kama asilimia 77. Mimi sijui dawa nyingine ya siku tatu yenye matokeo ya namna hiyo katika utumishi wa umma, mahali popote.

Sasa tuirudishe hadithi nyumbani.

Mzee mmoja anaingia maktaba ya mkoa asubuhi, kofia mkononi. Anasalimia, anauliza: "Vitabu vya kilimo viko wapi?" Mhudumu, ambaye amesoma na amefaulu, ananyoosha kidole: "Rafu ile ya ukutani, namba 630." Jibu ni sahihi, hakuna mkaguzi atakayemtia hatiani. Mzee anakwenda, anakuta ufugaji wa kuku, kilimo cha kahawa, habari za mkonge. Anafungua kimoja, anakirudisha, anaaga kwa heshima, anaondoka. Kumbe mahindi yake yanaliwa na viwavijeshi vamizi, mdudu aliyeripotiwa barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Kitabu chochote kwenye rafu ile kilichochapishwa kabla ya hapo huenda hakimjui. Alichokihitaji mzee pengine hakikuwa kitabu kabisa. Huenda kilikuwa kipeperushi cha Wizara ya Kilimo, au namba ya simu ya afisa ugani wa kata yake. Yote hayo yangejitokeza kama kijana wa kaunta angeuliza, "Unalima nini, mzee wangu?" na halafu, "Shamba limepatwa na nini?"

Mzee yule hakudanganya. Watu wote tunafanya hivyo. Tunapofika kwenye ofisi tusiyoizoea, tunalikata swali letu lilingane na tunachodhani ofisi ile inacho. Maktaba ina vitabu, basi mtu anaomba vitabu. Swali lenyewe anabaki nalo mfukoni.

Wakati mwingine analificha kwa aibu. Mama anakuja anauliza vitabu vya sheria, kwa sauti ya chini, macho yako pembeni. Mume amefariki, mashemeji wamechukua funguo za nyumba. Ukimpeleka kwenye namba 340 atakutana na sheria ya mikataba na ya makampuni, tena nyingi kwa Kiingereza cha mawakili. Anachotakiwa kujua kwanza ni kwamba mirathi hufunguliwa mahakamani, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu naye, na kwamba kuna mashirika yanayotoa msaada wa kisheria bila malipo. Hapa mafunzo yana kazi mbili. Moja ni kumfundisha mhudumu namna ya kulitoa swali bila kumvua nguo mwenye swali. Ya pili ni kumfundisha akomee wapi, kwa sababu yeye si wakili. Anaonyesha mlango na kusoma naye karatasi, lakini hamwambii mama ashtaki au asishtaki.

Halafu kuna kufunga mdomo. Miji yetu ya wilaya ni midogo. Mhudumu anaishi mtaa mmoja na mama yule, wanasali pamoja, wanachota maji bomba moja. Ikitoka neno kwamba mke wa marehemu fulani alionekana akiulizia mirathi, yule mama harudi tena, na wanawake kumi waliolisikia neno hilo hawataingia kabisa. Somo la faragha nisingeliweka kama kipengele cha mwisho cha muhula, kile ambacho mwalimu akichelewa kinarukwa.

Lakini tumefikaje mahali ambapo kijana anajua namba ya rafu kuliko anavyojua kuuliza? Historia yake ina kichekesho. Mwaka 1876 mambo mawili yalitokea Marekani. Melvil Dewey alichapisha mpango wake wa kupanga vitabu kwa namba, huo wenye kilimo kwenye 630, ambao maktaba zetu nyingi zinautumia mpaka leo. Mwaka huohuo Samuel Green, mkutubi wa mji wa Worcester, aliwaambia wakutubi wenzake mkutanoni kwamba wamwendee msomaji, wazungumze naye, na wasikubali aondoke bila jibu, kama mwenye duka asivyopenda mteja atoke bila kununua. Dewey akaenda kufungua shule ya kwanza ya ukutubi, mjini New York, mwaka 1887. Wanafunzi walikuwa 20, na 17 kati yao wanawake, jambo lililowaudhi wakubwa wa chuo kilichokuwa na shule hiyo. Walifundishwa mpaka mwandiko wa kuandikia kadi za katalogi, herufi zilale vipi na zinyooke wapi.

Namba zikavuka bahari, mazungumzo yakabaki Worcester. Sababu yake ni rahisi kuielewa kama umewahi kusahihisha mitihani. Mwalimu akiuliza kitabu cha mahindi kinapata namba gani, mwanafunzi akaandika 633.15, anaweka alama ya vema. Atasahihishaje kumpokea mama mwenye aibu? Kinachosahihishika ndicho hufundishwa.

Kwetu mambo yalianza hata bila kaunta. East African Literature Bureau, iliyoundwa mwaka 1948, ilikuwa inapeleka masanduku ya vitabu na kuazimisha kwa posta. Msomaji wa Tabora aliandika barua, akasubiri kifurushi. Kisha tukaanza kujenga kwa bidii ambayo leo inashangaza. Mwaka 1963 ilianzishwa Makerere shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki nzima, kwa msaada wa UNESCO, ili vijana wasilazimike kwenda Uingereza kusomea kupanga vitabu vya Singida. Disemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu pale Dar es Salaam. Wakenya nao walishatunga sheria yao ya maktaba mwaka 1965, na baadaye Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kikawa na kitivo chake cha sayansi ya habari. Sisi tangu mwaka 1989 tuna chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka Bagamoyo, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, kinachotoa astashahada na stashahada. Anayetaka kwenda mbele anapata uzamili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hatuna mahali pa kusomea.

Wala sitaki walimu wa uorodheshaji wanikasirikie. Kitabu kilichowekwa kwenye rafu isiyo yake ni kitabu kilichopotea, hata kama kimo ndani ya jengo. Mpango wa Dewey wenyewe unahitaji mtu aliyesoma vizuri ndipo aweze kupambana nao. Fungu la dini ni namba 200 mpaka 299. Ukristo umejinyoosha kuanzia 220 mpaka 280 na kitu, Uislamu wote umebanwa kwenye 297, na dini za jadi za Afrika utazikuta kwenye 299.6. Kiswahili, lugha ya mamilioni, kimepewa 496.392, ndani ya fungu la lugha nyinginezo. Mhudumu wa Tanga au Lamu asiyeyajua haya atamwambia sheikh kwamba vitabu vya fikihi ni vichache, kumbe vimefungamana vyote kwenye desimali ndefu zisizosomeka mgongoni. Aliyeyajua atabandika kibao cha Kiswahili juu ya rafu, na mambo yatakwisha.

Ninachokilalamikia ni uzani. Kitabu kinasomewa miezi, mtu anasomewa wiki. Tena mtu huyo anasomewa kwa kutumia mifano ya vitabu vya ng'ambo, ilhali sisi katika jambo hili tuna hazina.

Mwaka 1986 Brenda Dervin wa Marekani na Patricia Dewdney wa Kanada waliandika juu ya namna ya kumhoji msomaji bila kumtisha. Walichoshauri ni kwamba usimwulize kwa nini anataka kitabu. Swali la "kwa nini" linamfanya mtu ajisikie yuko polisi. Mwulize limetokea nini, amekwama wapi, anatarajia kukitumiaje akikipata. Nilipoyasoma haya nilicheka. Nani kati yetu hajui? Mgeni akifika nyumbani kwako kijijini, humwulizi amefuata nini. Unampa kiti, unampa maji, unauliza habari za atokako, za mvua, za watoto. Shida yake inakuja yenyewe, na wakati mwingine inakuja akiwa ameshasimama kuaga. Bibi zetu walikuwa na elimu hiyo bila cheti. Tatizo ni kwamba kijana akivaa kitambulisho cha ofisi shingoni anaiacha nyumbani. Anadhani utaalamu ni kujibu upesi na kwa sauti kavu.

Hata hivyo adabu yetu nayo ina mtego wake, ambao vitabu vya Marekani haviwezi kuufundisha. Binti wa miaka 22 yuko kaunta, anakuja mzee wa umri wa babu yake. Binti anaamkia, mzee anaitikia, na hapo mazungumzo yanafungwa, kwa sababu mtoto hamhoji mkubwa. Atamhojije? Kuna njia. "Babu, nisaidie kuelewa nikutafutie vizuri." Anayeomba kusaidiwa ni mtoto, anayeeleza ni mkubwa, heshima imekaa mahali pake na swali limefunguka. Kijana wa kiume kwa mama mwenye shida ya uzazi naye anahitaji njia yake, na mara nyingine njia hiyo ni kumwita dada mwenzake kimyakimya amsaidie. Haya ndiyo ningependa kuyaona yakiigizwa darasani Bagamoyo, wanafunzi wawili mbele, mmoja mzee, mmoja mhudumu, wengine wakikosoa. Mtihani wake utasahihishika tu, mkitaka.

Kuna zama zetu wenyewe za kukumbuka pia. Mwalimu aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya kisomo ilipopamba moto zikaanzishwa maktaba vijijini. Aliyezisimamia hakuwa msomi wa Makerere. Alikuwa mwanakijiji, mara nyingi wa elimu ya msingi, aliyepewa mafunzo mafupi namna ya kutunza daftari la kuazimisha. Kuna mengi hakuyajua. Lakini alijua nani anasoma kwa shida kwa sababu ya macho, nani amemaliza kisomo majuzi na anaona haya kuchukua kitabu chembamba mbele ya watu. Maktaba nyingi za vijiji zilikuja kufifia, na ukosefu wa mafunzo marefu si jambo ambalo ningelitaja mwanzo. Vitabu vipya havikufika, fedha zikakata. Hata hivyo, kila nikisikia mtu akisema mkutubi bora ni yule mwenye shahada kubwa, namkumbuka mwanakijiji yule mwenye daftari.

Siku hizi ukitaka kuona kazi ya mkutubi ikifanywa kwa bidii, nenda steshenari. Ndiyo, pale penye fotokopi. Msimu wa maombi ya vyuo na mikopo ya elimu ya juu ukifika, vijana wamejaa mpaka nje. Kijana wa steshenari anauliza: umemaliza mwaka gani, namba yako ya mtihani iko wapi, cheti cha kuzaliwa umekihakiki, mdhamini ni nani? Anahoji vizuri kuliko wahudumu wengi niliowahi kukutana nao, kwa sababu asipohoji hapati hela. Lakini nenosiri la mwanafunzi linabaki kichwani mwake, nakala ya kitambulisho inabaki kwenye kompyuta yake, na akikosea herufi moja ya jina hakuna wa kumwajibisha. Mita mia mbili kutoka pale kuna maktaba ya umma, ina meza, ina kivuli, nyingine zina kompyuta na intaneti, na ina mtumishi anayelipwa na wananchi. Mtumishi huyo hajafundishwa kwamba ile ni kazi yake. Akiulizwa atasema hapa ni mahali pa kusoma kimya.

Wenzetu wameshaanza kuiona kazi hiyo. Shirika la EIFL limewafundisha wakutubi wa maktaba za umma Kenya na Uganda matumizi ya teknolojia na namna ya kuanzisha huduma mpya, na AfLIA, jumuiya ya maktaba za Afrika yenye makao Accra, imeendesha mafunzo ya uongozi kwa wakutubi wa bara zima. Fedha nyingi za kazi hizo zilitoka kwa Gates Foundation, ambayo mwaka 2018 ilifunga rasmi mpango wake wa maktaba. Ndiyo tabia ya fedha za watu.

Na sasa nifike kwenye semina. Tunajua zinavyokwenda. Barua inakuja, inataka jina la mshiriki mmoja. Jina linaloandikwa ni la mkuu. Mkuu anasafiri, analala hoteli, anapewa begi lenye nembo na posho ya siku nne, anarudi na cheti kinachotundikwa ukutani. Mkuu huyo hakai kaunta. Alikaa zamani, labda. Aliyeko kaunta ni msaidizi, au ni kijana wa mafunzo kwa vitendo, au mchana saa ya chakula ni mlinzi, naye mlinzi anauliziwa vitabu kama wengine na anajibu. Nisingeshangaa kama nusu ya maswali ya wananchi katika maktaba zetu yanajibiwa na watu ambao majina yao hayajawahi kuandikwa kwenye barua ya semina hata moja.

Kuna kipande cha hadithi ya Maryland sijakisema. Zile siku tatu peke yake zisingefika mbali. Kilichozifanya zikae ni kwamba wahudumu waliporudi makazini walipangwa wawili wawili. Mmoja anamhudumia msomaji, mwenzake anamsikiliza akiwa jirani, na baadaye, pembeni, anamwambia: pale ulimkatiza, pale hukuuliza kama ametosheka. Kesho wanabadilishana. Asiyetaka kukosolewa na mwenzake ataona kazi hii ni ngumu, na katika ofisi zetu ambako kukosoana hugeuka uadui itabidi mkuu aanze kwa kukubali kukosolewa yeye, siku moja kwa wiki, akiwa kaunta, mbele ya msaidizi wake. Hapo ndipo cheti chake cha ukutani kingetumika.

Utaniambia maktaba ya wilaya ina watumishi wawili tu, nani atamsikiliza nani wakati mlango uko wazi na wanafunzi wa kidato cha nne wanagombea viti? Kweli. Basi Jumatano ifunguliwe saa nne badala ya saa mbili. Bandikeni karatasi mlangoni: watumishi wako kwenye mafunzo. Mlinzi naye aingie ndani akae nao. Tutanung'unika hapo nje, mimi nikiwa wa kwanza, na tutauliza ni mafunzo gani haya yanayofanyika bila hoteli.